BEI YA HAKI YA MLANGO WA MBELE: MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUMLIPA FUNDI



Malipo ya kahawa, pareto, chai au mahindi yanapofika, wanachama wetu wengi wa Mbeya na Iringa hushughulikia nyumba zao. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilizojengwa katika miaka ya 1970 na 1980 zingali imara kwa kuta, lakini milango yake imechoka. Mlango wa mbele ndio unaolinda chakula cha mwaka, mbolea ya msimu ujao na watoto waliolala ndani. Kwa hiyo haishangazi kuwa ndio wa kwanza kubadilishwa, na mara nyingi hubadilishwa kwa haraka, wakati fedha ingali mkononi.

Haraka hiyo ndiyo inayoleta hasara. Mwanachama huuliza, "Mlango mzima ni kiasi gani?" Fundi hutaja jumla moja. Mwanachama huomba apunguziwe, naye fundi hupunguza kidogo, na wote wawili huachana wameridhika. Lakini hakuna aliyesema ni mbao ngapi, za mti gani, kavu au mbichi, na kama kitasa kimo katika bei. Bei ya haki ni ile inayoweza kuelezwa kipengele kwa kipengele. Makala hii yaonyesha namna ya kuieleza.

1. Je, ni mlango wote?

Kabla ya kumwita fundi, chunguza kilichoharibika. Chukua msumari mrefu uchome sehemu za chini za miimo ya fremu, karibu na sakafu, ambako maji na mchwa huanzia. Msumari ukizama kwa urahisi, fremu imeoza au imeliwa. Ukigoma, fremu ni nzima na yafaa ibaki.

Jambo hili lina uzito katika bei. Kung'oa fremu hubomoa lipu kandokando ya ukuta, na baada yake huhitajika mwashi, saruji na mchanga. Kadhalika, mlango unaoburuza chini huenda umelegea bawaba tu. Skrubu ndefu zaidi au bawaba mpya zaweza kuurejesha katika hali yake kwa gharama ndogo sana.

2. Pima mwenyewe

Pima upana wa nafasi ya mlango mahali patatu: juu, katikati na chini. Pima urefu upande wa kulia na wa kushoto. Kisha pima kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vya mshazari visipolingana, nafasi imepinda, na fundi hana budi kuambiwa mapema ili asije akadai nyongeza baadaye. Andika vipimo vyote katika karatasi, na upande ambao mlango utafungukia.

3. Hesabu ya mbao

Tuchukue nafasi ya kawaida ya futi 3 kwa futi 7, na mlango wa paneli pamoja na fremu yake. Mbao za mbili kwa sita huuzwa kwa urefu wa futi 12. Kila ubao hutoa kipande kimoja cha futi 7 na hubaki futi 5, ambazo hutoa kipande kimoja cha kulala cha futi 3. Vinavyohitajika ni hivi:

(a) Fremu: vipande viwili vya wima na kimoja cha juu.
(b) Mlango wenyewe: vipande viwili vya wima na vitatu vya kulala, yaani cha juu, cha kati na cha chini.

Jumla ni vipande vinne vya wima na vinne vya kulala. Kwa hiyo mbao 4 za mbili kwa sita zatosha. Kwa paneli za kujaza katikati, mbao 2 za moja kwa nane zenye futi 12 hutosha, kwani zikikatwa hutoa vipande vinne vya futi 6, ambavyo hugawanywa kati ya paneli ya juu na ya chini. Fremu ya zamani ikibaki, mbao za mbili kwa sita hupungua kuwa 3. Fremu ikitakiwa kuwa na kizingiti cha mbao chini, kitahitaji kipande kimoja zaidi cha futi 3.

Fundi anaweza kuwa na sababu njema ya kuomba ubao mmoja zaidi, kwa mfano kifundo kibaya au ufa. Aombaye mbao 8 za mbili kwa sita kwa mlango mmoja wa namna hii, mwombe akuonyeshe kila kipande kitakwenda wapi.

4. Mti gani?

Nyanda za Juu Kusini zimebarikiwa mbao. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali nchini, na Mbeya ina mashamba ya Kawetire na Kiwira. Aidha, wananchi wengi wamepanda miti yao wenyewe. Sehemu kubwa ya mbao hizo ni msindano, ambao mafundi wengi huuita paina. Ni mti mwepesi, rahisi kupigwa randa, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba mchwa huupenda.

Mninga na mkongo hutoka katika misitu ya asili ya miombo, kama ile ya Chunya. Ni mbao ngumu, hudumu kwa miaka mingi, na bei yake ni kubwa. Kwa sababu hiyo hasa, mnunuzi aangalie asiuziwe mti mwingine kwa jina la mninga. Ubao uliokwisha kupakwa rangi au vanishi usikubaliwe kwa maneno matupu. Omba upigwe randa kidogo mbele yako uone rangi yake ya ndani. Uliza pia kibali cha kusafirisha mazao ya misitu na utazame alama ya nyundo kwenye ubao. Mbao za magendo zikikamatwa, aliyelipa kwanza ndiye aumiaye.

Kwa msindano, epuka ubao wenye kiini cha mti katikati, kwani hupinda, na ubao wenye vifundo vilivyolegea, kwani hudondoka na kuacha tundu. Ubao ambao mistari yake ya umri imeachana sana hutoka kwenye mti uliokua upesi, na mara nyingi uliovunwa mapema. Mbao za aina hiyo ni laini, nazo zafaa kazi nyingine kuliko mlango wa mbele.

5. Ukavu wa mbao

Katika mikoa yetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha hufuata miezi ya kiangazi na baridi kavu. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi wakati wa masika huonekana mzuri siku ya kwanza. Ifikapo Julai au Agosti umesinyaa, paneli zimeachia mianya, na kitasa hakifikii tena mahali pake. Hasara hiyo haionekani siku ya kulipa, ndiyo maana ni kubwa kuliko zote.

Ipo njia nyepesi ya kupima ukavu, na vyama vingi vina chombo chake. Pima fungu zima la mbao kwa mizani ya ghala na uandike uzito wake. Zipange mahali penye kivuli na upepo, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao, kisha uzipime tena baada ya wiki moja. Uzito ukipungua kwa wazi, maji yangali yakitoka. Endelea kupima kila wiki hadi uzito utulie. Mwanachama anayenunua mbao zake mapema na kuzikausha mwenyewe hupata mlango bora kwa bei ileile.

6. Kulinganisha mafundi

Omba bei kwa mafundi watatu, na wote wapewe karatasi moja ya vipimo. Mafundi waweza kutafutwa kijijini, mjini, au kwa kuuliza katika ofisi za SIDO na vyuo vya VETA. Kila fundi aandike mbali: mbao, bawaba, kitasa, gundi na skrubu, rangi au vanishi, kazi ya kutengeneza, usafiri, na kazi ya kufunga.

Tazama mfano huu, ambao ni wa kufundishia hesabu tu wala si bei ya soko. Fundi wa kwanza ataja shilingi 260,000, na wa pili shilingi 310,000. Wa kwanza aonekana rahisi. Lakini bei yake haina kitasa (35,000), bawaba (12,000), vanishi (15,000) wala kufunga (25,000). Vyote hivyo ni shilingi 87,000, na jumla yake ya kweli ni 347,000. Wa pili amejumlisha kila kitu. Kumbe huyu wa pili ni nafuu kwa shilingi 37,000.

Mwanachama asidhani kuwa bei ya haki ni kumkamua fundi. Fundi aliyebanwa kupita kiasi hutafuta faida yake ndani ya mbao: hutumia misumari badala ya kuchonga ulimi na tundu, au huweka bawaba mbili badala ya tatu.

7. Malipo kwa awamu

Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Awamu ya kwanza itoshe kununua mbao tu. Na ikiwezekana, nunua mbao mwenyewe na uchukue risiti. Awamu ya pili ilipwe mlango ukiisha kuunganishwa, lakini kabla haujapakwa rangi, maana rangi huficha makosa. Hapo tazama kama ndimi zimeingia sawasawa katika matundu na kukazwa kwa gundi na kabari. Awamu ya mwisho ilipwe mlango ukiisha kufungwa, ukifunguka bila kuburuza, na skrubu zikiwa zimezungushwa, si kugongwa kwa nyundo. Hakikisha pia kingo za juu na za chini zimepakwa rangi, kwa kuwa huko ndiko maji huingilia.

8. Wajibu wa katibu na chama

Mwanachama mmoja akienda Mafinga kununua mbao 6, hulipa bei ya rejareja na nauli yote peke yake. Wanachama 10 wakiagiza pamoja, huagiza mbao 60, wakagawana gharama ya gari, na wakawa na nguvu ya kujadiliana. Katibu aweza kuandikisha majina, vipimo na fedha za kila mmoja katika daftari la pekee, na kubandika bei zilizokusanywa kwenye ubao wa matangazo ili kila mtu azione.

Jambo hili liamuliwe kwanza na bodi na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Mjumbe mwenye undugu au biashara na fundi aseme wazi na ajitoe katika uamuzi. Fedha za milango zisichanganywe na fedha za mazao. Chama cha akiba na mikopo kinachokopesha kwa ajili ya matengenezo ya nyumba chaweza kutoa mkopo kwa awamu zilezile tulizotaja, ili mkopo usiishie mikononi mwa fundi kabla ya kazi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi ya vipimo, bei tatu zilizoandikwa na risiti mkononi humpa mwanachama na fundi msingi mmoja wa mazungumzo. Makatibu wanaombwa kuisoma makala hii katika mikutano ya wanachama kabla ya malipo ya msimu kuanza, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kununua mbao na kuzikausha.