Watu 689,003 Waliojaribiwa Bila Kujua

Sayansi haiendi mbele pasipo majaribio. Mkulima hulinganisha mbegu mbili, na mhandisi huupima uzito ambao daraja litaweza kuuhimili. Lakini mbegu haina haja ya kuulizwa kama imeridhia kupandwa. Binadamu sharti aulizwe. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni hiyo ilivyotikiswa na jaribio moja la kampuni ya Kimarekani ya Facebook.

Asili ya kanuni

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa Kijerumani walishtakiwa mjini Nuremberg kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Hukumu ya mwaka 1947 iliweka masharti kumi ya utafiti, na la kwanza lilikuwa ridhaa ya hiari ya yule anayejaribiwa. Hata hivyo, huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliendelea kuchunguzwa bila kutibiwa tangu mwaka 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikwisha kupatikana. Aibu hiyo ndiyo iliyosababisha masharti ya utafiti kukazwa zaidi nchini humo.

Jaribio lilivyofanyika

Mtu anapofungua Facebook, haoni yote yaliyoandikwa na rafiki zake. Programu ya kompyuta humchagulia yatakayotangulia na yatakayoachwa. Kwa juma moja la Januari 2012, watafiti waliugeuza uchaguzi huo kwa watu 689,003 waliotumia lugha ya Kiingereza. Kundi moja lilipunguziwa maandishi yenye maneno ya furaha. Kundi jingine lilipunguziwa yenye maneno ya huzuni. Kila kundi lilikuwa na kundi lake la kulinganishia. Kisha kompyuta ilihesabu maneno ya furaha na ya huzuni katika yale ambayo watu hao wenyewe waliyaandika.

Ilionekana kwamba waliopunguziwa furaha waliandika maneno ya furaha machache zaidi na ya huzuni mengi zaidi. Waliopunguziwa huzuni walifanya kinyume chake. Tofauti ilikuwa ndogo mno, yapata neno moja katika kila maneno elfu. Lakini udogo huo usitudanganye: badiliko dogo likienezwa kwa mamilioni ya watu laweza kuwa na athari kubwa kwa jumla.

Ridhaa ilikuwa wapi?

Matokeo yalipochapishwa mwezi Juni 2014 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, lawama nyingi zilitokea. Watafiti waliandika kwamba kila mtumiaji alikubali masharti ya kampuni alipojiandikisha, na kwamba huko ndiko kuridhia. Lakini neno “utafiti” liliongezwa katika masharti hayo mwezi Mei 2012, miezi minne baada ya jaribio kwisha. Kamati ya maadili ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambacho watafiti wake walishiriki, iliona kwamba jaribio halikupasa kukaguliwa nayo, kwa sababu takwimu zilikusanywa na kampuni yenyewe. Nazo kampuni binafsi hazikubanwa na kanuni zinazohusu utafiti unaogharimiwa na serikali. Hivyo jaribio lilipenya katikati ya malango mawili. Mwezi Julai 2014 mhariri wa jarida alitoa tamko la wasiwasi juu ya ridhaa hiyo.

Wako wanaotetea. Husema kwamba kampuni hubadili mpangilio wa kurasa zake kila mara, na kwamba ni afadhali kupima athari zake kuliko kubahatisha. Hoja hii ina uzito. Tena ni kweli kwamba mtu akiambiwa mapema atapunguziwa habari za furaha, huenda akabadili mwenendo na kuyaharibu matokeo. Lakini elimu ya saikolojia ina njia ya kulitatua jambo hili: mtu huombwa ridhaa ya jumla, na baada ya jaribio huelezwa kilichofanyika. Katika jaribio la 2012 hatua hizo zote mbili hazikuchukuliwa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, aliyekuwa katika msiba au ugonjwa wa sonona hakupata nafasi ya kujitoa.

Funzo kwetu

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya yataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na yenye kutolewa na mtu aliyekwisha kuarifiwa. Tukiipima alama inayobonyezwa chini ya kurasa nyingi zisizosomwa kwa kipimo hicho, twaona jinsi inavyopungukiwa.

Hatusemi majaribio yakomeshwe. Twasema kwamba anayetaka kuupima moyo wa mtu hana budi kwanza kubisha hodi, na kungoja aambiwe karibu.