UCHOVU USIOISHA: NAMBA IKIWA MPAKANI

Ndugu msomaji, kila mkulima anajua kuchoka. Ukilima tangu alfajiri hadi saa sita, mwili utachoka. Hilo si ajabu. Unaoga, unakula, unalala. Asubuhi nguvu zimerudi.

Lakini upo uchovu wa namna nyingine. Mtu analala usiku kucha, lakini anaamka amechoka. Miezi inapita, hali ni ile ile. Jembe linakuwa zito. Majirani wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amelogwa. Usikubali maneno hayo. Uchovu huu una sababu, na sababu hutafutwa.

TEZI YA SHINGO

Mbele ya shingo, chini ya koromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hii hutengeneza homoni. Homoni hiyo husafiri katika damu na kuuongoza mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Ikipungua, mwili wote hupunguza mwendo. Mtu huchoka. Huona baridi wakati wenzake wanaona joto. Ngozi huwa kavu, choo huwa kigumu, uzito huongezeka. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Ili kutengeneza homoni, tezi huhitaji madini joto. Yanayohitajika ni kidogo sana. Ya maisha yote ya mtu hujaa kijiko kimoja tu cha chai. Lakini katika nchi ya milima, mvua huyaosha kutoka katika udongo. Ndiyo sababu ugonjwa wa rovu, yaani goita, ulienea sana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye rovu nyingi. Katika miaka ya 1990 ikaagizwa kwamba chumvi ya kula itiwe madini hayo.

KARATASI YA MAABARA

Daktari akiishuku tezi, huagiza damu ipimwe. Katika karatasi ya majibu utaona herufi T4 na TSH. T4 ni homoni ya tezi yenyewe. TSH hutoka katika tezi nyingine iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo.

Fikiri juu ya msimamizi na kibarua. Kibarua akifanya kazi vizuri, msimamizi husema kwa sauti ndogo. Kibarua akilegea, msimamizi hupaza sauti. TSH ni sauti ya msimamizi. Ikipanda, huenda tezi ya shingo imelegea.

Katika maabara nyingi, TSH ya mtu mzima huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Ikizidi 10 na T4 ikawa chini, tezi ni mgonjwa. Dawa ipo nayo husaidia sana. Lakini je, TSH ikiwa 3.8, au 5, na T4 iko sawa? Hapo namba iko mpakani.

Mpaka huu si kama mto. Ni kama mpaka wa mashamba uliopimwa kwa kamba. Tena TSH yenyewe haitulii. Hupanda usiku na alfajiri, hushuka mchana. Mtu anayepona ugonjwa mwingine huweza kuwa na TSH ya juu kwa muda. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Omba kurudia baada ya miezi miwili au mitatu, saa ile ile ya siku. Watu wengi hukuta namba imerudi chini yenyewe.

JE, UMEZE DAWA?

Mwaka 2017 yalitangazwa majibu ya uchunguzi uliofanywa Ulaya. Wazee 737, wenye miaka 65 na zaidi, walikuwa na TSH iliyopanda kidogo na T4 ya kawaida. Karibu nusu walipewa dawa ya homoni. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, uchovu wa makundi yote mawili ulikuwa sawa.

Tunajifunza nini? Namba iliyo mpakani mara nyingi si mwizi wa nguvu zako. Usimeze dawa ya tezi kwa kuazima kwa jirani. Ikizidi, huupeleka moyo mbio na kudhoofisha mifupa.

Lakini mama mjamzito, au anayetaka mimba, asingoje miezi mitatu. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama. Amwone daktari mapema.

MTAFUTE MWIZI WA KWELI

Tuseme mama mmoja ana TSH 5. Wote wanaitazama tezi. Hakuna aliyeukumbuka wekundu wa damu yake. Kumbe minyoo ya safura inamnyonya damu kila siku. Tezi imesingiziwa, na mwizi anaendelea kuiba.

Basi mwulize mganga juu ya mambo haya:

1. Upungufu wa damu. Kipimo cha wekundu wa damu kikiwa chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, au chini ya 13 kwa mwanamume, damu ni pungufu. Huletwa na hedhi nyingi, uzazi wa karibu karibu, chakula hafifu, safura, kichocho na malaria.
2. Kifua kikuu. Dalili zake ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda.
3. Kisukari. Mtu huona kiu na kukojoa mara kwa mara.
4. Virusi vya UKIMWI. Dawa zipo. Pima ujue.
5. Moyo au figo. Miguu huvimba, pumzi hukatika.
6. Huzuni ya muda mrefu. Huu pia ni ugonjwa, si uvivu.
7. Dawa unazotumia, au usingizi mbaya.

TUMIA KALAMU YAKO

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Andika uchovu ulianza lini, unazidi saa ngapi, na dalili nyingine ulizo nazo. Andika dawa zote unazomeza, na za kienyeji pia. Ukipimwa, usiridhike na neno "kawaida" tu. Omba namba, uiandike pamoja na tarehe. Namba mbili za siku mbalimbali humfundisha daktari kuliko moja.

Nyumbani, tumia chumvi yenye madini joto. Usiongeze kiasi, chumvi nyingi hudhuru. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva. Mihogo michungu iloweke na kuikausha vizuri, kwa sababu sumu yake huizuia tezi kupata madini joto.

Ukizimia, ukikosa pumzi au ukitoa damu, usingoje. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini TSH hupanda tezi ya shingo ikilegea?
2. Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi?
3. Je, kijijini kwetu yupo mtu anayeitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa? Tumsaidie vipi afike zahanati?