Kusoma Jeni za Mtoto Mchanga: Je, Tujue Yote?

Leo tunaangalia jambo ambalo baadhi ya nchi zimeanza kulifanya: kusoma jeni zote za mtoto anapozaliwa.

Jeni ni nini? Ni maagizo yaliyomo katika chembe za mwili, ambayo mtoto hurithi kwa mama na kwa baba. Ndiyo sababu mtoto hufanana na babu au nyanya yake. Maagizo hayo yakiwa na kasoro, huenda yakaleta ugonjwa.

Kumpima mtoto mchanga si jambo geni. Damu kidogo ya kisigino huweza kuonyesha ugonjwa wa selimundu, ambao hapa Kenya umeenea sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtoto akijulikana mapema, hupewa penisilini na chanjo za kumkinga, na wengi huokoka.

Lakini kusoma jeni zote huonyesha mengi zaidi. Huko Uingereza, utafiti ulioanza mwaka wa 2024 unakusudia kupima watoto 100,000 kwa damu ya kitovu. Unatafuta magonjwa zaidi ya 200, yale tu yanayoanza utotoni na yanayoweza kutibiwa.

Kwa nini mzazi asiambiwe yote? Sikiliza yaliyotokea Boston, Marekani. Katika utafiti uliotoa matokeo mwaka wa 2019, watoto 159 walisomwa jeni. Kati yao, 15 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa utotoni ambao hakuna aliyeutazamia. Mtoto mwingine alikutwa na kasoro ya jeni iitwayo BRCA2, ambayo huongeza hatari ya saratani, kama ile ya matiti, ukubwani. Watafiti walikuwa wamepanga kutotoa habari za magonjwa ya ukubwani. Lakini mzazi aliyemrithisha angeweza kuwa hatarini wakati ule ule! Waliomba idhini ya kubadilisha utaratibu, na jamaa wakaelezwa.

Kuna wanaosema walifanya vyema, kwani mtoto anahitaji mzazi aliye hai. Wengine husema mtoto ana haki ya kujiamulia akiwa mtu mzima. Tena, hatari si ugonjwa. Mtoto mzima asilelewe kama mgonjwa. Na vipimo vya jeni vya mtoto na wazazi huweza kufichua kwamba baba anayemlea siye aliyemzaa.

Je, damu huenda wapi baada ya kupimwa? Katika jimbo la Texas, Marekani, wazazi walishtaki serikali mwaka wa 2009 kwa kuhifadhi damu ya watoto bila idhini yao. Sampuli zaidi ya milioni 5 ziliharibiwa. Hapa Kenya, sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto.

Kwa hivyo mama, ukiombwa damu ya mtoto wako, uliza:
- Mnapima ugonjwa gani, na una tiba?
- Mtanieleza nini, na mtaniachia nini?
- Nani ataona majibu, na damu itawekwa hadi lini?
- Nikikataa utafiti, mtoto ataendelea kutibiwa?

Usikatae kipimo cha selimundu kwa hofu ya mambo haya. Hicho hutafuta ugonjwa unaojulikana na wenye matibabu. Kuuliza si ujinga.