Binti Naye ni Mrithi wa Shamba

Katika Gesima, kama katika sehemu nyingi za Gusii, mashamba ni madogo na wenyewe ni wengi. Mteremko mmoja wa chai, ndizi na mahindi hutegemewa na ndugu kadhaa, na mara nyingi hati yake ingali kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Kwa hiyo yafaa kila mwenye shamba ajue sheria yasemaje juu ya mabinti.

Kwa desturi ya Abagusii, ardhi iligawanywa nyumba kwa nyumba, kila mke na wanawe wa kiume. Binti alitazamiwa kuolewa na kulima kwa mumewe. Lakini Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ilileta kanuni nyingine. Iliacha desturi iongoze urithi wa mashamba katika wilaya chache za wafugaji, kama Turkana, Samburu na Wajir. Kisii haikuwamo.

Shauri linalotajwa sana lilikatwa na Mahakama ya Rufaa huko Eldoret mwaka 2005. Mzee mmoja alifariki mwaka 1988 bila wosia, akaacha wake wawili na ekari 192. Nyumba moja ilikuwa na wana watatu na mabinti wawili. Nyumba ya pili mabinti wanne tu. Mahakama Kuu iliwapa wana sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa mabinti huenda wakaolewa. Majaji wa rufaa walitengua hukumu hiyo. Walisema kwamba kuolewa au kutoolewa kwa binti si sababu ya kumpunguzia haki yake. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi.

Wako ndugu wanaodhani njia rahisi ni kutomtaja dada yao wanapokwenda mahakamani. Hao hujitegea mtego wenyewe. Kibali cha kusimamia mali kilichopatikana kwa kuficha jambo kubwa kama hilo chaweza kufutwa wakati wowote, hata baada ya shamba kugawanywa. Tena, anayeuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Huenda msomaji akauliza: Je, ekari moja itawatosha wangapi? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake si kumnyima mmoja kwa siri. Binti aweza kuiachia sehemu yake kwa hiari, kwa kutia sahihi mbele ya sheria. Wengine hukubali kulipwa fedha badala ya ardhi. Baba naye, angali hai, aweza kugawa shamba kwa idhini ya bodi ya ardhi, au kuandika wosia mbele ya mashahidi wawili.

Basi, jamaa na wakutane mapema, majina ya watoto wote yaandikwe katika barua ya chifu, na shauri lipelekwe mahakamani kwa uwazi. Kesi ndefu hula shamba kabla warithi hawajalilima.