Sanduku la pamoja lazorotesha barua pepe maofisini

PROGRAMU ya barua pepe ya Outlook inaposuasua, wafanyakazi wengi huilaumu intaneti. Aghalabu chanzo kimo ndani ya kompyuta. Tangu toleo la 2010, Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani hunakili katika faili moja la mtumiaji hata barua za sanduku la pamoja la idara. Faili hilo likipita gigabaiti 10 huweza kukwamisha kazi. Likifikia kikomo chake cha kawaida, 50, barua mpya haziingii, na mteja husubiri jibu bure.

Kabla ya kuagiza kompyuta mpya, kama wakubwa wapendavyo, ondoa alama ya kupakua folda za pamoja katika mipangilio ya akaunti, kisha fungua programu upya. Sanduku hilo litasomwa kutoka kwenye seva. Mtandao ukikatika, halitafunguka.