Nafuu ya Tanga kwa mgeni, mzigo wa mwenye nyumba

Tanga ina sifa ya kuwa jiji lisiloumiza mfuko, na madalali wa Raskazone, Sahare na Mwambani wameigeuza sifa hiyo kuwa bidhaa. Wanunuzi ni wahandisi wa bomba la mafuta ghafi, watafiti, watu wa miradi, na wastaafu wachache wa Ulaya wanaoitaka bahari bila msongamano wa Unguja. Kwa anayelipwa fedha za kwao, samaki wa soko la Deep Sea, machungwa ya Muheza na mboga za Lushoto havimpi shida. Biashara kubwa iko kwenye nyumba, na huko hesabu haziendi kama zinavyonadiwa.

Mama mmoja mwenye nyumba Raskazone, aliyeomba asitajwe, anasema alifunga viyoyozi, hita ya maji, tangi la akiba na jenereta baada ya dalali kumhakikishia mpangaji wa miaka miwili. Mpangaji alikuja kweli, lakini ajira yake ikaisha kabla ya mwaka, akaondoka. Nyumba ikakaa tupu. Wenyeji waliokuja kuitazama walitaja kodi ambayo haifikii hata rejesho la mkopo wake. Dalali alikuwa ameshachukua chake, kodi ya mwezi mmoja, siku ya kukabidhi funguo.

Kinachomuuma zaidi ni masharti. Mpangaji mwenyeji humlipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mgeni anataka mwezi kwa mwezi, na akilipiwa na kampuni, kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa kabla mama hajaiona fedha. Hapingi sheria. Analalamika kwamba siku alipokuwa akipigiwa hesabu ya faida, hakuna aliyemtajia makato hayo. Wenzake mtaani, anasema, wamefikia hatua ya kupangisha chumba kimoja kimoja nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia.

Suala la dola nalo limewachanganya wenye nyumba. Mwaka 2024 dola ilipovuka Sh2,700, mkataba wa dola ulikuwa kinga. Kanuni za Machi 2025 zikakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Dalali mmoja wa Chumbageni anasema mikataba sasa inaandikwa kwa shilingi, lakini wakati wa kuihuisha pande zote mbili hutazama kwanza dola imelalaje. Ikiwa anasema kweli, katazo limebadilisha karatasi kuliko mazoea.

Ofisa mmoja wa serikali mkoani hana wasiwasi. Kila akiulizwa kuhusu wapangaji, anajibu kwa Sh429.1 bilioni zilizotumika kuboresha bandari: wageni watamiminika, na nyumba zitapungua. Nimemsikiliza kwa makini, na bado naona takwimu hiyo inaeleza gharama ya gati na kina cha maji. Ni kweli meli sasa zinafunga gatini badala ya kushushiwa mizigo kwa matishari katikati ya bahari, na makuli, wenye malori na mawakala wa forodha wana haki ya kufurahi. Lakini baharia hapangi nyumba Sahare. Nilipomwomba idadi ya wageni wenye vibali wanaoishi jijini, alirudi kwenye bandari.

Bomba nalo linahitaji kutazamwa kwa jicho hilo. Lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na kazi ya namna hiyo humeza watu wengi wakati wa kuchimba na kuunganisha, kisha huendeshwa na wachache. Tanga iliwahi kuyaona haya wakati wa mkonge: bei iliposhuka, nyuzi za viwandani zikashika soko na mashamba makubwa yakataifishwa, wageni waliondoka na nyumba za mabwana shamba zikabaki zikichakaa.

Hata kuishi kwa nafuu kwenyewe kuna mipaka. Mgeni anayewasha viyoyozi hulipa umeme takriban Sh356 kwa yuniti pamoja na kodi. Kaya isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa takriban Sh122. Matibabu makubwa mara nyingi hufuatwa Dar es Salaam, safari ya kilomita 350 hivi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo mstaafu wa Pangani au Ushongo atapanga daima, au atajificha nyuma ya jina la mwenyeji. Njia hiyo ya pili ni hatari kwa wote wawili, nayo inazungumzwa kwa minong'ono tu.

Huenda mambo yakachangamka barabara ya Pangani hadi Bagamoyo itakapoleta watalii wanaotaka kukaa miezi badala ya siku. Huenda pia wakaishia kwenye hoteli za ufukweni. Mwenye kiwanja anayefikiria mkopo na apige hesabu kwa kodi ambayo mwalimu au muuguzi wa Tanga anaweza kuilipa. Nyumba isiyojilipa kwa kodi hiyo, kwa sasa, isijengwe.