Miaka 6 ya Kumsubiri Georgiou

Januari 2019, siku chache kabla ya msimu wa 2 wa Star Trek: Discovery kuanza kurushwa, ilitangazwa kwamba Michelle Yeoh angepewa tamthilia yake mwenyewe. Angeendelea kuwa Philippa Georgiou, mtawala katili kutoka ulimwengu pacha, ambaye sasa anatumiwa na Section 31, idara ya siri inayofanya kazi chafu ambazo Shirikisho la Sayari lisingependa kuonekana likizifanya. Waandishi wawili wa Discovery, Bo Yeon Kim na Erika Lippoldt, walishakabidhiwa kalamu. Kilichowafikia watazamaji tarehe 24 Januari 2025 ni filamu moja isiyofika saa 2, iliyoandikwa na Craig Sweeny.

Wahakiki hawakuihurumia filamu hiyo, na mengi waliyoyasema ni kweli. Ila mimi naona lawama nyingi zimeangukia mahali pasipo pake. Mradi huu uliharibikia ndani ya ile miaka 6 ya kungoja, kabla kamera hata moja haijawashwa.

Wazo lenyewe lilikuwa na nguvu. Machi 2018 mashabiki walionyeshwa kipande kilichokatwa kwenye msimu wa 1: Georgiou anaendesha baa kwenye sayari ya Waklingoni, anafuatwa na mtu asiyemfahamu, anaonyeshwa beji nyeusi. Ni dakika chache tu, lakini ukikitazama unataka kujua kesho yake. Section 31 ilikuwa imeingia Star Trek tangu 1998 kupitia Deep Space Nine, na swali lake lilikuwa zito: je, jamii inayojivunia haki inaweza kulindwa kwa uovu na ikabaki ilivyo? Mweke ndani ya idara hiyo mwanamke aliyewahi kuangamiza watu bila hesabu, halafu kila wiki mpime upya kama amebadilika kweli au anacheza tu. Hadithi ya namna hiyo inataka vipindi vingi. Toba ya mtu kama yule haiaminiki ikikamilika jioni moja.

Lakini tamthilia mama ilikuwa na safari yake. Aprili 2019, mwisho wa msimu wa 2, chombo Discovery kiliruka zaidi ya miaka 900 mbele, na Georgiou alikuwa ndani. Mhusika aliyekwisha kuahidiwa nyumba yake akawa amebebwa na wenzake kwenda zama nyingine kabisa, na ikabidi waandishi wamtafutie njia ya kutoka. Wakampa ugonjwa: yuko mbali mno na wakati wake na ulimwengu wake, kwa hiyo mwili wake unaanza kusambaratika. Kisha, Desemba 2020, vikaja vipindi viwili vinavyoitwa Terra Firma.

Ni vipindi vizuri. Kwenye uwanja wa theluji kuna mlango uliosimama peke yake, na pembeni yake mzee mwenye kofia anasoma gazeti. Georgiou anapita mlangoni na kujikuta kwenye himaya yake ya zamani, siku za utawala wake. Safari hii anajaribu kutawala kwa huruma, na anashindwa. Mle ndani hakuna anayejua huruma ni kitu gani. Anaporudi, mzee yule anamwambia kwamba kule kujaribu kwenyewe kumetosha, na anampeleka kwenye zama atakazoweza kuishi. Wenzake wanakaa pamoja, wanamnywea na kusimuliana habari zake. Msimu ule ulikuwa na vipindi 13, na viwili vikatumika kumsindikiza. Ilikuwa kama familia iliyofanya sherehe ya kumuaga binti wakati upande wa pili haujataja tarehe ya ndoa.

Na tarehe haikutajwa. Korona ilikuwa imevuruga ratiba za kila studio. Machi 2021 huduma ya CBS All Access ikageuka kuwa Paramount+, na hesabu za nini kitengenezwe zikaanza upya. Yeoh naye hakukaa kusubiri. Mwaka 2022 ilitoka Everything Everywhere All at Once, na Machi 2023 akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba msimu wa 5 wa Discovery ndio ungekuwa wa mwisho. Aprili ikatangazwa kwamba Section 31 sasa ni filamu ya televisheni. Ikafuata migomo ya waandishi na waigizaji, na upigaji picha ukafanyika mwanzoni mwa 2024. Hesabu ya studio naielewa: mwigizaji wa kiwango hicho unaweza kumpata kwa wiki kadhaa, lakini kumfunga miezi mingi kila mwaka ni jambo jingine.

Kinachoniuma ni jinsi filamu inavyoanza. Tunamwona Georgiou akiwa msichana, anarudi kwao baada ya mashindano ya kuwania kiti, na anaiua familia yake kwa sumu ili atawale. Watengenezaji walilazimika kumtambulisha upya, kwa sababu miaka 4 ilikuwa imepita tangu aonekane na wengi wa watazamaji wapya hawakumjua. Terra Firma ilikuwa imeshamvusha hapo. Tulishamwona akishindwa kuwa yule wa zamani. Kazi iliyogharimu vipindi viwili vya tamthilia nyingine ikawekwa kando, na aliyekuwa amemfuata tangu 2018 akatakiwa kuanza naye moja.

Mpango kubadilika kwenyewe si tatizo. Mwaka 1977 Paramount walikuwa wanaandaa tamthilia mpya iliyoitwa Star Trek: Phase II, iwe nguzo ya kituo chao kipya cha televisheni. Seti zilikuwa zinajengwa na hadithi zinaandikwa, kituo kikafa kabla ya kuzaliwa. Hadithi ya kipindi cha kwanza ikawa filamu ya Desemba 1979, seti zikaendelezwa, na wahusika wapya Decker na Ilia wakahamia humo. Mpango uligeuka huku watu bado wameushika mkononi, na walijua wanaokoa nini.

Tazama pia Strange New Worlds, ambayo mwaka 2019 haikuwa kwenye tangazo lolote. Kapteni Pike wa chombo Enterprise aliingia msimu wa 2 wa Discovery kama mgeni, akiwa na maofisa wake Spock na Number One. Watazamaji wakawapenda, wakaomba waendelee. Tamthilia ikatangazwa Mei 2020 na kuanza kurushwa Mei 2022, ikiwa na Uhura kijana kutoka Kenya, anayechezwa na Celia Rose Gooding. Discovery ilipokwenda mbele, Enterprise ilibaki nyuma na watu wake wote. Hakuna aliyehitaji kuugua ili tamthilia ipate kuanza.

Sasa Strange New Worlds nayo imepangiwa kuishia msimu wa 5, na watayarishaji wake wamesema hadharani kwamba wangependa kuendelea na miaka ya kwanza ya Kapteni Kirk, mrithi wa Pike, katika tamthilia waliyoipa jina Year One. Paul Wesley ameshacheza Kirk vya kutosha kuzoeleka, na Spock, Uhura na Scotty wake wapo. Kama Paramount wanaitaka, waseme mapema, kabla Wesley na wenzake hawajasaini kazi nyingine. Kama hawaitaki, waandishi waambiwe hivyo, ili vipindi vya mwisho vya Pike wamwandikie Pike.